Polisi walitolewa chini ya Ofisi ya Rais: mbona hatuoni tofauti?

Mwalimu mmoja wa Historia na Serikali katika shule ya upili hapa Kenya ameniandikia hivi: "Siku Rais William Ruto alipoapishwa, tarehe 13 Septemba 2022, tuliambiwa polisi wanatolewa chini ya Ofisi ya Rais na kupewa bajeti yao wenyewe. Niliwafundisha wanafunzi hivyo. Sasa wananiuliza: kama polisi walihama, walihamia kwa nani? Na mbona mambo yanaonekana ni yale yale? Tena kuna wanaosema warudishwe wizarani, na wengine wanataka wawekwe chini ya Bunge. Niwajibu nini?"

Mwalimu, wanafunzi wako wameuliza jambo ambalo sisi watu wazima tulilipita mbio. Nitakupa jibu lenyewe kwanza, kisha nilifafanue. Kilichohama mwaka 2022 ni kalamu ya fedha. Amri juu ya polisi ilikuwa imeshatolewa mikononi mwa mawaziri miaka 12 nyuma, na Katiba ya 2010. Lakini zipo kamba nyingine zinazomvuta polisi, na hizo hazikuguswa siku ile ya kiapo pale uwanja wa Kasarani. Ndizo zinazowafanya vijana wako waseme mambo ni yale yale.

Nikwambie kwanza kwa nini jambo la fedha si dogo, maana wapo waliolibeza. Zamani, kabla ya Katiba mpya, nilikuwa mhasibu mdogo katika makao makuu ya wilaya moja. Polisi wa Utawala, wale tuliozoea kuwaita AP, walikuwa chini ya mkuu wa wilaya, na mafuta ya gari lao yalipitia ofisi yetu. Jioni moja koplo alikuja na daftari la safari za gari amelishika kwapani. Kulikuwa na wizi wa ng'ombe umbali wa kilomita 30 hivi, na tangi lilikuwa tupu. Nikafungua kitabu cha matumizi. Fungu la mafuta la mwezi ule lilikuwa limekwisha tarehe 19. Nikafungua lile daftari lake, ukurasa baada ya ukurasa: kusindikiza mgeni, kusindikiza mgeni, mkutano wa hadhara, kusindikiza mgeni. Sikuona safari hata moja ya kumfuata mwizi. Hakuna aliyeiba mafuta yale, kila lita ilikuwa na saini. Ila aliyetia saini alikuwa mkuu wa wilaya, na lita zilifuata kazi yake. Koplo yule alirudi kwa miguu. Mwenye ng'ombe alikuwa anamngoja nje, kofia mkononi, na mpaka leo namwona.

Kwa hiyo usiwaruhusu wanafunzi wako wadharau kalamu. Kabla ya 2022, afisa mhasibu wa polisi, yaani yule anayewajibika kwa kila shilingi na anayeitwa mbele ya kamati ya Bunge shilingi ikipotea, alikuwa Katibu wa Wizara ya Usalama wa Ndani, wizara iliyokuwa ndani ya Ofisi ya Rais. Inspekta Jenerali, yaani mkuu wa polisi wa nchi nzima, aliamuru kikosi, lakini fedha za kukisogeza kikosi hicho zilikuwa kwenye meza ya mtu mwingine. Hati iliyotangazwa siku ya kiapo ilimfanya Inspekta Jenerali mwenyewe kuwa afisa mhasibu. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, hilo lina uzito: bajeti ya polisi inakuwa na fungu lake, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu analikagua fungu hilo peke yake, na kamati ya Bunge inamwita Inspekta Jenerali ajibu kwa kinywa chake. Hawezi tena kusema, "Mwulizeni Katibu." Mimi niliyekaa kwenye vitabu vile nililifurahia jambo hilo, na bado nalitetea.

Sasa tuje kwenye amri. Mwambie kila mwanafunzi afungue Katiba, Ibara ya 245, asome polepole. Ibara hiyo inampa Inspekta Jenerali mamlaka ya kuongoza Huduma ya Taifa ya Polisi bila kuingiliwa. Waziri anaruhusiwa kumpa maelekezo ya sera. Lakini hakuna mtu, awe waziri au mwingine yeyote, anayeruhusiwa kumwelekeza kuhusu uchunguzi wa kosa fulani, au kuhusu sheria itumike vipi dhidi ya mtu fulani, au kuhusu nani aajiriwe, apandishwe cheo au afukuzwe. Halafu kuna kifungu kidogo cha tano ambacho watu hukiruka. Kinasema maelekezo ya waziri kwa Inspekta Jenerali, na yale ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma ya kumtaka achunguze jambo, lazima yawe kwa maandishi.

Maneno hayo, "kwa maandishi", yalilipiwa kwa damu, Mwalimu, na ningeomba usiyafundishe kama mapambo. Baada ya uchaguzi wa 2007, watu 1,133 waliuawa kwa hesabu ya tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki. Tume hiyo ilikuta kwamba zaidi ya theluthi moja yao, watu 405, walikufa kwa risasi. Ilipotafuta nani aliamuru nini, wapi, saa ngapi, ilikumbana na vikosi viwili vya polisi, kila kimoja na mkubwa wake. Polisi wa Kenya walikuwa na kamishna wao aliyeteuliwa na Rais. Polisi wa Utawala walikuwa na kamanda wao, na juu yake ngazi yote ya utawala wa mikoa, kuanzia mkuu wa mkoa mpaka chifu, ndani ya Ofisi ya Rais. Hata asili yao ilikuwa hiyo. Walianza kama polisi wa kikabila wa serikali ya kikoloni mwaka 1929, watu wa kumsaidia chifu kukusanya kodi na kutuliza wenyeji, na sheria yao wenyewe ikatungwa mwaka 1958. Uhuru ulipokuja, chifu na mkuu wa wilaya walibaki, na AP wakabaki nao. Tume ya Waki ilipendekeza vikosi hivyo viunganishwe. Jopo la mageuzi ya polisi la Jaji Philip Ransley, mwaka 2009, likaja na mapendekezo zaidi ya 200. Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 ikachukua njia ya kati: vikosi vibaki viwili, lakini mkuu wao awe mmoja, na sauti yoyote itokayo kwa mwanasiasa iache karatasi nyuma yake.

Basi wanafunzi wakikuuliza, "Polisi wako chini ya nani?", jibu la kisheria ni kwamba wako chini ya Inspekta Jenerali. Inspekta Jenerali yuko chini ya Katiba na sheria. Waziri ana haki ya kusema kuhusu sera, na aandike. Tume ya Huduma ya Taifa ya Polisi ndiyo Ibara ya 246 inayoipa kazi ya kuajiri, kupandisha vyeo na kuadhibu. IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2011, inachunguza malalamiko ya wananchi dhidi ya polisi. Na ukirudi nyuma kidogo, Ibara ya 238 inasema usalama wote wa taifa uko chini ya mamlaka ya Katiba hii na Bunge. Hilo la Bunge nitalirudia.

Hivyo ndivyo ilivyoandikwa. Sasa kwa nini maisha hayafanani na maandishi?

Kamba ya kwanza ni uteuzi, na kwa maoni yangu ndiyo nene kuliko zote. Inspekta Jenerali wa kwanza, David Kimaiyo, alipatikana mwaka 2012 baada ya Tume ya Huduma ya Taifa ya Polisi kutangaza nafasi, watu kuomba, na mahojiano kufanywa hadharani. Miaka miwili baadaye, Desemba 2014, katikati ya hofu ya mashambulizi ya kigaidi, Bunge lilipitisha kwa vurugu sheria ya kurekebisha sheria za usalama. Mahakama Kuu ilifuta vifungu vinane vya sheria hiyo Februari 2015. Lakini badiliko moja lililopita bila kelele nyingi lilikuwa hili: Rais anamteua mtu wake moja kwa moja na kulipeleka jina Bungeni. Mashindano ya wazi yakaondoka. Utaratibu huo ndio uliomleta Japhet Koome mwaka 2022 na Douglas Kanja mwaka 2024.

Mwalimu, nisieleweke kwamba nawahukumu watu hao kwa namna walivyoteuliwa. Ninachosema ni kwamba mtu akipewa kazi na mkono mmoja, kalamu ya fedha ukiihamishia kwake bado iko karibu sana na mkono ule ule. Muhula wa Inspekta Jenerali ni miaka minne na haurudiwi. Waandishi wa Katiba waliweka hivyo makusudi, ili asiwe na haja ya kumpendeza mtu apate muhula wa pili. Ni ulinzi mzuri. Lakini mlango wa kuingilia ukiwa na bawabu mmoja, ulinzi wa mlango wa kutokea hauwezi kutosha.

Kamba ya pili ni mazoea ya amri za mdomo. Hapa nitatoa mifano miwili, na wa kwanza ni mgumu kwangu kwa sababu niliufurahia uamuzi wenyewe. Oktoba 2022, mwezi mmoja tu baada ya tangazo la Kasarani, Rais alisema ameagiza kuvunjwa kwa kitengo maalumu cha wapelelezi cha SSU, kilichokuwa kikituhumiwa kuua na kupoteza watu. Mashirika ya haki za binadamu yalishangilia, na familia nyingi zilipumua. Nami nilipumua. Halafu nikarudi kwenye Ibara ya 245 nikajiuliza: anayeweza kuvunja kitengo cha polisi kwa neno lake, hawezi kukiunda kingine kwa neno lake? Uamuzi mwema ulikuja kwa njia ile ile ambayo uamuzi mbaya ungeipita.

Mfano wa pili ni wa Juni 2025. Baada ya maandamano yaliyoacha vituo vya polisi vimechomwa, Waziri wa Usalama wa Ndani, Kipchumba Murkomen, alisikika hadharani akisema polisi wameagizwa kumpiga risasi mtu yeyote atakayekaribia kituo cha polisi. Mawakili walisimama kusema waziri hana mamlaka hayo, naye baadaye akaitetea kauli yake. Acha kwanza ubishi wa alimaanisha nini. Jiweke mahali pa konstebo wa miaka 24, zamu ya usiku, ameketi nyuma ya meza ya kituo na bunduki, amesikia maneno yale kwenye simu yake. Je, yeye atauliza kama maelekezo yaliandikwa? Atauliza kama yalipitia kwa Inspekta Jenerali? Atakachokumbuka ni kwamba mkubwa wa serikali amesema. Hapo ndipo sheria nzuri inapopwaya, na hakuna hati ya fedha inayoweza kuikaza.

Kuna jambo jingine linalohusu AP, na wanafunzi wako watalielewa upesi kwa sababu wanaishi nalo vijijini. Septemba 2018, Rais Uhuru Kenyatta alizindua mageuzi yaliyowahamisha maelfu ya Polisi wa Utawala kuingia Polisi wa Kenya, wakavishwa sare mpya za buluu, na amri katika kaunti ikawekwa mikononi mwa kamanda mmoja. Machifu wakalalamika kwamba wamebaki bila ulinzi, hawana wa kuwasindikiza kukamata pombe haramu wala kutuliza ugomvi wa mashamba. Malalamiko yao yalikuwa ya kweli. Baadaye kikaundwa kitengo cha AP cha kuwahudumia maafisa wa utawala, na machifu wakarudishiwa polisi. Walitoka kwa mlango wakarudi kwa dirisha. Sisemi hili kumkebehi mtu. Nalisema kwa sababu linaonyesha kwa nini kuhamisha chombo cha usalama ni kugumu: kazi iliyokuwa ikifanywa mahali pa zamani haiondoki kwa sababu jina limebadilishwa. Kama hukumpangia chifu njia nyingine ya kupata msaada, atarudi kuomba askari wake, na atapewa.

Sasa nifike kwenye tukio ambalo, kwangu mimi, ndilo linalojibu swali la vijana wako vizuri kuliko nadharia yoyote. Agosti 2024, watu watatu walitoweka katika mji wa Kitengela. Kesi ikafika Mahakama Kuu, na jaji akamwita kaimu Inspekta Jenerali, Gilbert Masengeli, aje aeleze walipo. Hakuja. Akaitwa tena. Aliitwa mara saba. Ijumaa tarehe 13 Septemba 2024, miaka miwili kamili tangu siku ya tangazo la Kasarani, Jaji Lawrence Mugambi alimhukumu kifungo cha miezi sita kwa kuidharau mahakama, akampa siku saba ajisalimishe au afike mwenyewe kujieleza. Siku chache baadaye Jaji Mkuu Martha Koome akatangaza kwamba walinzi wa jaji huyo wameondolewa. Polisi walisema maafisa hao walikuwa wameitwa kwenye mafunzo. Masengeli hatimaye alifika kortini, na wale watu watatu walipatikana wakiwa hai.

Angalia hapo, Mwalimu. Kalamu ya fedha ilikuwa kwa polisi. Amri ilikuwa kwa polisi. Hata walinzi wa jaji anayewahukumu walikuwa wa polisi. Kile ambacho hakikuwepo ni mtu wa nje anayeweza kuuliza swali na kujibiwa mara ya kwanza. Kuhama kulikuwa kumempa Inspekta Jenerali uhuru kutoka kwa Katibu wa Wizara. Kuwajibika kwa raia ni jambo la pili, na linahitaji kazi yake mbali. Ukimfungua mtu kamba ya mkubwa mmoja bila kukaza ile ya sheria, uliyemweka huru ni mwenye ofisi. Mama aliyetafuta mwanawe Kitengela hakupata chochote kipya kutokana na hati ya 2022.

Na sisi si wa kwanza kujifunza hili kwa uchungu. Afrika Kusini, wakati wa Jacob Zuma, waliunganisha majasusi wa ndani na wa nje mwaka 2009 wakapata shirika moja, SSA, chini ya waziri wake. Jopo la uchunguzi lililoongozwa na Sydney Mufamadi, ambalo ripoti yake ilitolewa Machi 2019, lilikuta shirika hilo limezama katika siasa za makundi ndani ya chama tawala. Kisha Julai 2021 zikatokea ghasia zilizoua zaidi ya watu 350, na idara ya ujasusi ikalaumiwa kwa kutoona au kutosema. Agosti mwaka huo Rais Cyril Ramaphosa akaifuta ile wizara, akalihamishia shirika moja kwa moja kwenye Ofisi ya Rais. Wengine waliona ni sawa, kwamba Rais ndiye mtumiaji mkuu wa taarifa za ujasusi na sasa hana kisingizio. Wengine wakauliza: ugonjwa uliogunduliwa ulikuwa ni kutumika kisiasa, na dawa ni kulisogeza shirika karibu zaidi na mwanasiasa mkuu? Nami niko upande wa hawa wa pili.

Marekani nao. Kikosi cha Secret Service kilizaliwa mwaka 1865 ndani ya Wizara ya Fedha, kazi yake kusaka noti bandia. Ulinzi wa rais kilipewa baada ya William McKinley kuuawa mwaka 1901. Tarehe 1 Machi 2003 kilihamishiwa wizara mpya ya usalama wa ndani iliyoundwa baada ya mashambulizi ya Septemba 2001. Mwaka 2020 serikali ya Donald Trump ilipendekeza kirudi Wizara ya Fedha, na hakikurudi. Julai 2024 Trump alipopigwa risasi ya sikio huko Butler, Pennsylvania, mkurugenzi alijiuzulu siku kumi baadaye, na mjadala wa kukihamisha ukaamka tena. Lakini uchunguzi ulipofika uwanjani ulikuta paa lisilolindwa, umbali wa kupiga risasi kutoka jukwaani, na polisi wa eneo na walinzi wa rais ambao mawasiliano yao hayakuunganishwa. Sioni namna paa lile lingepata mlinzi kwa sababu tu kikosi kinapokea mshahara kutoka wizara nyingine.

Sasa wale wanaotaka polisi warudi wizarani. Wana hoja, na usiwanyime haki yao darasani. Wanasema katika nchi nyingi za kidemokrasia polisi wana waziri juu yao, na waziri huyo anasimama bungeni kujibu. Ni kweli. Uingereza, waziri wa mambo ya ndani ni mbunge, ameketi humo humo, na anaweza kuulizwa mchana na kupoteza kazi jioni. Kwetu Katiba ya 2010 iliwatoa mawaziri Bungeni. Tangu 2023 wanaitwa kujibu maswali, na hiyo ni hatua, lakini waziri wetu anamtegemea aliyemteua kuliko anavyowategemea wabunge. Kumrudishia kalamu ya polisi ni kurudi kwenye daftari la koplo wangu: kusindikiza mgeni, kusindikiza mgeni.

Na wanaotaka wawekwe chini ya Bunge? Hapa nitakuwa mkali kidogo. Bunge tayari lina mamlaka juu ya usalama wa taifa, kwa Ibara ya 238, na Ibara ya 95 inalipa Bunge la Taifa kazi ya kuchunguza mwenendo wa maafisa wa serikali. Kinachotakiwa ni litumie. Bunge likianza kuamuru polisi, mbunge atakuwa mtoa amri na mchunguzi wa amri hiyo hiyo. Tena fikiria kampeni ya uchaguzi mdogo, mgombea ambaye rafiki yake yuko kwenye kamati inayoongoza polisi. Sitaki kuiona nchi hiyo.

Kuna ugomvi mmoja wa ndani ambao ningependa usiusahau, kwa sababu hauonekani kwenye televisheni sana. Tume ya Huduma ya Taifa ya Polisi na Inspekta Jenerali wamekuwa wakivutana hadharani, hadi mahakamani, juu ya nani anaajiri na nani anashika orodha ya mishahara. Fahali wawili zizi moja. Mtu anaweza kudhani ni ugomvi wa wakubwa. Lakini konstebo anayetaka kuhamishwa kutoka kituo cha mbali akamwuguze mzazi, au yule aliyekataa amri haramu na anaogopa kupelekwa mpakani kama adhabu, anahitaji kujua ni nani anayeshika jina lake. Kama jina lake liko mikononi mwa yule yule anayempa amri, atatii zote, halali na haramu. Jopo la Jaji Mkuu mstaafu David Maraga, lililotoa ripoti Novemba 2023, lilizunguka nchi na kuzungumzia mishahara na makazi ya polisi kwa urefu. Nadhani lilikuwa na haki. Askari anayelala kwenye nyumba ya mabati na familia mbili si mtu wa kumwambia mkubwa wake "hapana".

Umeniuliza uwajibu nini. Ningekuwa wewe, ningewaambia hivi: wakisikia tena kwamba chombo cha usalama kimehamishwa, hapa au kwingine, wasianze na jina la ofisi mpya. Wamtafute anayetia saini fedha, kwa sababu hiyo ni kweli inabadilisha kitu. Kisha watafute aliyemwajiri mkuu wa chombo, na kama kulikuwa na waombaji wengine. Kisha watafute karatasi ya amri. Na mwisho wamtafute mtu wa nje ambaye mkuu huyo hawezi kukataa mwito wake mara saba.

Lile la karatasi darasa lako linaweza kulijaribu lenyewe. Ibara ya 35 inampa kila raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2016 inampa afisa siku 21 kujibu. Wamwandikie Inspekta Jenerali barua moja fupi, kwa heshima, kwa Kiswahili au Kiingereza, na wewe raia mtu mzima uitie saini. Wamwulize: tangu Septemba 2022, ni maelekezo mangapi ya maandishi yamepokelewa kutoka kwa Waziri chini ya Ibara ya 245, na ya tarehe zipi? Wasiombe yaliyomo, maana sheria inaruhusu kuzuia siri za usalama wa taifa. Idadi na tarehe pekee. Siku 21 zikipita kimya, lalamiko linakwenda Tume ya Haki ya Utawala, na huhitaji wakili kulipeleka. Wakijibiwa "hakuna hata moja", washike jibu hilo mkono mmoja na kauli zote za mawaziri walizozisikia redioni mkono wa pili, mlijadili kipindi kizima. Jibu lolote mtakalopata, niandikie.